Sheria ya Uso

Veshara aliagiza mfungwa afunguliwe mikono kabla hajamwuliza swali la kwanza. Senmir, aliyeshika ukuu wa kituo tangu jana, hakupenda.

"Huyu amemuua Mkuu, mkaguzi."

"Mtu aliyefungwa hujibu ili afunguliwe. Mimi nataka ajibu nilichomwuliza."

Senmir alifungua kamba mwenyewe, taratibu, kisha akaenda kusimama mlangoni na kamba hiyo mkononi. Nje, jua lilikuwa limeshapanda juu ya misonobari. Adhuhuri, kivuli cha jiwe la mpaka kitakapokwisha, mfungwa huyo, Daelun, angevushwa Mto Sirwe na jina lake lingefutwa miongoni mwa walinzi wa msitu wa Tharune. Waelfi, watu wa msitu wanaoishi karne kadhaa, hawamalizi majira mawili ya baridi wakifutwa jina na kutolewa nje. Hilo kila mlinzi wa Lango la Misonobari alilijua.

"Anza jana alfajiri," Veshara alimwambia Daelun. "Usiniambie ulichofikiri. Niambie ulichoona."

"Nilikuwa langoni peke yangu. Akaja mtu mmoja wa ng'ambo, kavuka kwa mawe ya kivuko. Nikamtambua. Borek, muuza chumvi. Akasema anataka kumwona Mkuu Orveth. Nikamwachia, akapanda kwenda kibandani kwa Mkuu."

"Ulimwuliza jina?"

"Jina la nini tena? Uso wake niliuruhusu mimi mwenyewe."

Ndivyo sheria ya uso ilivyokuwa. Mgeni hukaguliwa mara moja tu katika maisha yake: jina, mzigo, silaha, shughuli. Baada ya hapo uso wake ndio hati yake, na mlinzi anayemhoji tena huwa amemtukana. Walinzi wa Tharune hawakuandika chochote. Mwelfi hasahau uso.

"Alikuwaje?"

"Kama alivyo siku zote. Mabega mapana, nywele nyeusi, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia. Gunia la chumvi begani."

"Mvi?"

"Hata moja."

"Meno?"

"Yote. Kwani mkaguzi unamnunua?"

Veshara hakucheka. "Alikuita kwa jina lako?"

Daelun alifikiri. "Hapana. Aliniita afande."

"Zamani alikuwa anakuitaje?"

"Daelun. Akinitania aliniita Masikio."

"Na jana hakukutania."

"Nilidhani kaamka vibaya."

"Maiti wote huamka vibaya," alisema Senmir kutoka mlangoni. "Mkaguzi, nilituma mtu ng'ambo jana ileile. Borek alikufa miaka ishirini na minne iliyopita. Kijiji kizima kinajua. Huyu bwana anatuambia marehemu kapita langoni na gunia la chumvi, kamchoma Mkuu kisu, kayeyuka. Tena ana kinyongo naye. Orveth ndiye aliyemtupa lango la kaskazini."

"Ni kweli alikuhamisha?" Veshara alimwuliza Daelun.

"Kweli. Nililalamika, na kila mtu alisikia. Lakini nilikwenda."

"Borek ulimwona mara ya mwisho lini, kabla ya jana?"

"Si zamani. Siku chache kabla sijakwenda kaskazini."

"Na umerudi lini?"

"Vuli iliyopita."

"Ulikaa huko muda gani?"

Ilibidi Daelun ahesabu kwa vidole. "Miaka ishirini na mitano."

Veshara aliandika namba hiyo kwenye ubao wake wa nta na kuipigia mstari. Senmir alitazama kalamu kama mtu anayemtazama mwenzake akila kwa mguu. Veshara alikuwa amekaa miaka sita katika mji wa wanadamu wa Brennik akiwa mjumbe wa Baraza, jina lake likiwa bado limehifadhiwa msituni. Kuandika alijifunzia huko, pamoja na mambo mengine machache ambayo Waelfi hawakuyahesabu kuwa elimu.

"Ulisikia nini kutoka kibandani?"

"Sauti mbili, za chini. Sikusikiliza. Si adabu kumsikiliza Mkuu akiwa na mgeni."

"Ugomvi?"

"Hapana. Ndicho ninachoshangaa. Hapakuwa na ugomvi kabisa."

Kibanda cha Orveth kilikuwa hatua hamsini nyuma ya lango, na kilikuwa na mlango wa pili uliotazama msituni. Maiti alikuwa ameshaondolewa. Veshara alimwomba Senmir aketi alipokuwa ameketi Orveth, na Senmir aliketi kwa uzito, mgongo ukiwa umeegemea ukuta.

"Jeraha lilikuwa wapi?"

"Hapa." Senmir aligusa chini ya mbavu za kushoto. "Moja tu."

"Kisu?"

"Chake mwenyewe. Cha kukatia sega la asali. Kilikuwa mezani daima."

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya mvinyo wa asali. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, nzi watatu wakielea. Gunia la chumvi lilisimama karibu na meza, mdomo wake umefungwa kwa utepe mwekundu.

Veshara alifungua, akaonja, akafunga tena.

"Nani alikaa kwenye kiti hiki?"

"Hakuna aliyekaa. Daelun alipanga vikombe ili hadithi yake isimame."

"Daelun aliacha lango bila mlinzi, akaja hapa, akaua, akamimina mvinyo, akaleta gunia la chumvi lenye utepe, akarudi langoni, akasubiri wewe uje kumpokea zamu." Veshara alisogeza kikombe kilichojaa. "Muuaji mwenye mpango angekuja na kisu chake. Huyu alishika kilichokuwa karibu. Na anayeleta chumvi yenye utepe hajaja kuuza. Ameleta zawadi."

"Zawadi kutoka kwa marehemu."

Veshara alitoka kwa mlango wa nyuma. Ukutani palikuwa na misumari mitatu ya kutundikia zana. Palikuwa na shoka na reki. Msumari wa kati ulikuwa mtupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Sepetu."

"Iko wapi?"

"Nitajuaje? Imeazimwa." Senmir alijibu upesi, halafu akaitazama ile nafasi tupu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Veshara aliliona hilo, akaliandika pia.

"Msitu mmeupekua?"

"Kumtafuta nani? Hakuna mtu aliyeingia."

"Nikiwa ng'ambo, usimguse Daelun."

"Kivuli kikiisha, kimeisha," alisema Senmir. "Sheria hiyo sikuitunga mimi."

Mawe ya kivuko yalikuwa na utelezi, na Veshara alivuka kwa hatua fupifupi. Nyumba ya mjane wa Borek ilikuwa ya mwisho kijijini, karibu kabisa na maji. Mwanamke mwenyewe alikuwa uani akichagua dengu. Jina lake Odrina. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kwenye viungo, na alichagua kwa wa kushoto.

"Leo wametuma mwanamke," alisema bila kuinuka. "Wa jana alisimama pale kwenye uzio akapiga kelele, 'Borek yuko?' Kama mtu anayeulizia mbuzi. Nikamwambia amekufa. Akasema ahsante, akaondoka. Wewe una miaka mingapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Basi bado binti. Kaa."

Veshara alikaa kwenye gogo. Aliona rundo la kuni zilizopasuliwa, refu kumpita yeye. Aliona viatu vya mwanamume vimeanikwa ukutani.

"Nani anakupasulia kuni, mama?"

"Mwenyewe."

"Kwa mkono huo?"

"Una neno na mkono wangu?"

"Na viatu vile?"

"Vya marehemu mume wangu."

"Soli ni mpya."

Odrina aliacha kuchagua dengu. Alimtazama Mwelfi kwa muda, kisha akaendelea, safari hii akitupa nzima na mbovu pamoja.

"Ana miaka mingapi?" Veshara aliuliza.

"Nani?"

"Mwanao."

Maji yalisikika yakipiga mawe. Odrina aliweka ungo chini.

"Nisikilize, binti. Nikisema ninaye, mtamuua. Nikisema sina, mtamfukuza mwenzenu, ndivyo walivyosema kijijini. Mwenzenu sikumzaa mimi. Kwa nini nichague wenu?"

"Sikuombi uchague. Mkuu wetu ameuawa, na mwanao yuko ndani ya msitu. Wakimkuta walinzi bila mimi, watapiga mshale kwanza. Nikimkuta mimi, atafika hai mbele ya Baraza, na Baraza litasikia alichofanyiwa baba yake. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

"Alifanyiwa nini baba yake?"

"Sijui. Ndilo lililonileta."

Odrina alipangusa mikono kwenye aproni. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya kitu alichokinunua zamani.

"Mwaka wa kikohozi. Mikul alikuwa na miaka minane, anakohoa damu. Borek akasema nyinyi mna dawa, na yeye uso wake unapita. Si ndivyo mnavyosema? Uso unapita. Alipofika, mkuu wenu alikuwa amefunga lango kwa wote. Borek akakaa mbele yake siku tisa, kwenye theluji, akidhani watamkumbuka. Siku ya kumi nilisimama pale ukingoni nikawaona walinzi wawili wanambeba kumwingiza ndani. Akiwa hai hakupita. Maiti wakampitisha."

"Walimzika wapi?"

"Ningejua ningekuwa nakaa hapa? Niliita kutoka ukingoni siku saba. Mkuu wenu akatoka, akanisikiliza vizuri, akasema nitaletewa habari." Aliokota punje moja ya dengu na kuitupa. "Mikul kakua na sura ya baba yake, mpaka watu wanaogopa kumtazama. Juzi akaniambia, 'Mama, nakwenda kuuliza kaburi.' Nikamfungia chumvi, asiende mikono mitupu. Kisu chake kile pale juu ya dirisha. Alikiacha makusudi, wasije wakamdhania vibaya."

Veshara alisimama.

"Hajarudi," alisema Odrina. "Najua maana yake. Sikuzaliwa jana."

Walinzi kumi na mmoja walikuwa wamejipanga mbele ya jiwe la mpaka, na Daelun kati yao, mikono imefungwa tena. Kivuli cha jiwe kilikuwa kimebaki upana wa vidole vitatu. Veshara alikuwa amelowa mpaka magotini.

"Daelun hakusema uongo," alisema. "Mtu mwenye uso wa Borek aliingia. Ni mwanawe. Alipokufa baba alikuwa mtoto. Sasa ana miaka ileile aliyokuwa nayo Borek wakati Daelun alipomwona mara ya mwisho."

Walinzi walitazamana. Mmoja wao aliuliza, "Kwa miaka ishirini na minne? Mtoto mdogo awe mtu mzima?"

"Ndivyo walivyo."

"Nilimwangalia vizuri, mkaguzi," alisema Daelun. "Ilikuwa sura yake."

"Sura ileile ndiyo iliyopaswa kukushtua. Borek angekuwa hai, leo angekuwa na mvi na meno nusu. Hukumwona mtu wa zamani. Ulimwona mtu ambaye miaka ishirini na mitano haijamgusa, na hukushangaa kwa sababu wewe pia haijakugusa."

"Maneno ya mjane," alisema Senmir. "Huwezi kusimamisha hukumu kwa maneno ya mjane."

"Kweli. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Mkuu. Mlimzika wapi Borek?"

Senmir alirekebisha mkanda wake.

"Hujauliza Borek alifikaje huku," Veshara aliendelea. "Wala hujasema hamkumzika. Asubuhi uliuona msumari mtupu ukajua sepetu imekwenda kuchimba wapi. Walinzi wawili walimbeba. Mmoja alikuwa wewe."

"Wakati ule amri ilikuwa kufunga lango." Senmir alishusha sauti, lakini walinzi wote walisikia. "Kila nyumba ya ng'ambo ilikuwa na kikohozi. Orveth aliogopa kitaingia humu. Alivunja sheria ya uso, naam. Mara moja, katika miaka mia tatu ya kazi. Ukilisema hilo mbele ya Baraza, jina lake litafutwa, na yeye hayupo kujitetea."

"Daelun yupo."

Kivuli kilikuwa kidole kimoja na nusu.

"Mvushe Daelun," Veshara alisema, "na aliyemuua Orveth atabaki ndani ya msitu wako, msitu ambao hukuupekua kwa sababu ulikataa kuamini ameingia. Hilo nalo nitaliandika. Au tuonyeshe kaburi."

Senmir alilitazama jiwe. Kisha akashika kamba iliyomfunga Daelun, na Veshara kwa sekunde moja hakujua anaelekea wapi, mtoni au msituni.

"Kwenye mierezi mitatu," alisema Senmir. "Chini ya mwamba mweupe. Si mbali."

Walikwenda wanne: Senmir, Daelun aliyefungwa, Veshara, na mlinzi mmoja mwenye upinde. Veshara alimwambia mwenye upinde atembee nyuma na mshale aushike chini. Walipokaribia mwamba walisikia sepetu. Halafu hawakuisikia tena.

Mahali hapo palikuwa na mashimo matano. Orveth hakuwa ameweka alama yoyote, na mtu aliyechimba alikuwa amekisia mara nne kabla hajapata. Alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo la tano, udongo mpaka kwenye nywele, na shati lake amelitandika chini. Juu ya shati alikuwa amepanga mifupa, mirefu upande mmoja, midogo upande mwingine. Sepetu ilikuwa magotini pake.

Mwenye upinde aliinua mkono. Veshara akasimama mbele yake.

"Mikul," aliita. "Mama yako ameniambia. Weka sepetu chini."

Mtu yule aliitazama sepetu kana kwamba ameisahau, akaiweka. Alikuwa na mabega mapana na nywele nyeusi, na jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia.

"Daelun," Veshara alisema, "ndiye aliyepita langoni jana?"

"Ndiye."

"Ni Borek?"

Daelun alitazama uso wa yule mtu. Akatazama kilichokuwa kwenye shati. Akarudia uso.

"Sijui tena, mkaguzi," alisema. "Langoni nilijua."

"Inatosha. Mikul, nani alimchoma kisu Mkuu Orveth?"

"Mimi."

Senmir alivuta pumzi. Veshara alichuchumaa, akatoa ubao wake.

"Sema kwa mpangilio."

"Aliniona akashtuka. Akaniita Borek, akashika ukuta. Nikamwambia mimi Mikul, mwanawe. Akanikalisha, akanimiminia kinywaji. Sikunywa. Nikamwuliza baba yuko wapi, akanieleza vizuri tu, mierezi mitatu, mwamba mweupe. Nikashukuru." Mikul alifuta pua kwa mgongo wa mkono, udongo ukabaki shavuni. "Nilikuwa nimeshasimama niondoke. Nikamwuliza kwa nini hakumletea mama habari kama alivyoahidi. Akasema, 'Nilikuwa na nia. Sijapata nafasi tu. Kwani si juzijuzi?'"

"Alisema kwa dharau?"

"Hapana. Ingekuwa dharau ningeondoka. Alisema kwa upole. Alikuwa anamaanisha." Akasugua udongo viganjani. "Kisu kilikuwa mezani."

Veshara aliandika yote, pamoja na yale ya upole. Kisha alisimama, akafungua mwenyewe kamba ya Daelun, na kamba hiyo akampa Senmir. Senmir alimfunga Mikul mikono kwa mbele, si kwa nguvu. Juu ya mierezi jua lilikuwa limefika katikati na kuanza kupita.

"Atakaa nasi mpaka Baraza likutane," Senmir alisema hatimaye. "Na hii mifupa... mama yake atapelekewa. Nitaagiza."

"Lini?" aliuliza Veshara.

"Karibuni."

Mikul aliinua kichwa. Hakumtazama Senmir. Alimtazama Veshara.

"Mama ana miaka sitini na mitatu," alisema.

Daelun alikuwa amepiga magoti kando ya shati, akikunja pembe zake moja baada ya nyingine juu ya mifupa, kwa uangalifu, bila kuagizwa na mtu. Alifunga fundo. Alipouinua mzigo, alimsogelea mkaguzi na kuuliza kwa sauti ya chini, mfungwa asisikie.

"Sitini na mitatu, kwao, ni mingi?"

"Ni mingi," alisema Veshara. "Tembea upesi."